WAKUU WA HAMSINI
Somo juu ya kupanda cheo katika ofisi za chuo kikuu

Soma kwanza: Kutoka 18, mstari wa 13 hadi wa 27.



Mara nyingi tumezungumza habari za mtoto anayekwenda chuo kikuu kusoma. Mara hii twataka kuzungumza habari za mtoto anayekwenda chuo kikuu kufanya kazi. Wapo vijana wa kwetu Nkome waliovuka maji wakaajiriwa katika vyuo vya Mwanza, Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Mmoja hufungua milango alfajiri na kupeleka barua. Mwingine yuko masjala akitunza majalada. Mwingine ni karani wa fedha, na mwingine huketi mlangoni pa mkubwa akipokea wageni.

Wazazi wao hutusimamisha baada ya ibada na kutuuliza: "Mwanangu ana miaka saba pale. Mbona hapandi?" Wengine, ambao watoto wao wamekwisha kupanda, huja na swali lililo zito zaidi: "Mbona tangu apewe cheo hana raha, wala halali?" Somo hili ni la kuyajibu maswali hayo mawili.

Neno tunalotaka mlishike ni moja. Kutoka ngazi ya chini kwenda ngazi ya katikati si kufanya kazi ile ile kwa bidii zaidi. Ni kupewa kazi nyingine, yaani kuwajibika kwa kazi inayofanywa na mikono ya watu wengine. Asiyelijua hili atasumbuka kabla ya kupanda, na akipanda atasumbuka zaidi.

1. NAHODHA NA WAVU

Tuanze hapa mwaloni petu. Usiku usio na mbalamwezi mitumbwi ya dagaa hutoka na taa zake. Mwenye mtumbwi amelala nyumbani. Chomboni wamo wavuvi wenye kushika nyavu na makasia, na yumo nahodha. Huyo nahodha alikuwa mvuvi kama wao, naye pengine aliwazidi wote kwa kuvuta wavu. Ndiyo sababu akaaminiwa. Lakini akiisha kuwa nahodha, kazi yake ni kutazama upepo na mawingu, kujua mafuta yaliyobaki, kuamua lini warudi, na asubuhi kusimama mbele ya mwenye mtumbwi akatoa hesabu ya usiku mzima. Akiushika wavu yeye mwenyewe usiku kucha, ni nani atakayeiona dhoruba?

Musa naye alipatwa na jambo hilo. Alikaa tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu, mmoja mmoja, peke yake. Yethro mkwewe alipoona akamwonya kwamba atachoka yeye na watu watachoka pia. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mtazameni hapo mkuu wa hamsini. Juu yake yuko mkuu wa mia, na chini yake wako wakuu wa kumi. Shauri kubwa si lake kuliamua, na shauri dogo hana budi kumwachia aliye chini. Kazi yake ni kujua lipi ni lipi, na kuhakikisha hakuna shauri linalopotea njiani. Huyo ndiye mtu wa cheo cha katikati.

2. CHUO KIKUU KILIVYOPANGWA

Wengi wetu tunapolitaja jina la chuo kikuu twawawazia maprofesa na wanafunzi tu. Lakini chuo ni kama mji. Juu kabisa yuko Mkuu wa Chuo, ambaye kazi yake kubwa ni ya heshima. Anayekiendesha chuo kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo pamoja na manaibu wake, mmoja wa taaluma na mwingine wa mipango, fedha na utawala. Baraza la Chuo husimamia mambo yote kwa jumla, na Seneti husimamia masomo na mitihani. Chini yao wako wakurugenzi na wakuu wa ndaki na vitivo.

Kisha wanakuja watu wa katikati: maafisa tawala, maafisa wa udahili na mitihani, maafisa utumishi, wahasibu waandamizi, na wakuu wa masjala. Na chini yao wako makarani, wasaidizi wa kumbukumbu, makatibu mahsusi, madereva na wahudumu. Hao ndio wengi, na huko ndiko vijana wetu huanzia.

Iko tofauti moja kati ya chuo na ofisi nyingine, nayo yafaa ieleweke mapema. Katika ofisi nyingi amri hushuka kutoka juu. Katika chuo, afisa tawala wa kitivo hawezi kumwamuru profesa, kwa kuwa profesa si mtumishi wake. Mambo makubwa huamuliwa katika vikao. Basi afisa huyu hana fimbo. Alicho nacho ni kanuni, kalenda, muhtasari wa kikao ulioandikwa vizuri, na uaminifu ambao watu wamemwona nao kwa miaka mingi.

Tuchukue mfano wa matokeo ya mitihani. Mwalimu mmoja amechelewa kusahihisha. Bila alama zake bodi ya kitivo haiwezi kuyapitisha matokeo, na yasipopita hayafiki Seneti. Nayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutaka kuona matokeo ya mwanafunzi anayeendelea ndipo ilipe fedha za mwaka unaofuata. Kwa hiyo rundo moja la karatasi lililolala mezani pa mwalimu laweza kumnyima chakula mtoto wa mvuvi wa Nkome. Afisa mwenye busara hangoji siku ya mwisho. Huandika barua ya upole wiki kadhaa kabla. Hupiga simu, kisha huenda kwa miguu hadi mlangoni pa mwalimu na kumwuliza ana shida gani. Hapati sifa kwa kazi hiyo, kwa sababu ikifanyika vizuri hakuna anayeiona.

Wala tusidhani kwamba vyeo hivyo ni vya watu wa mbali. Dkt. Wilbert Chagula, mzaliwa wa Shinyanga, alikiongoza chuo cha Dar es Salaam tangu mwaka 1965 hadi 1970, kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Yeye kwa elimu yake alikuwa daktari. Udaktari peke yake haumfundishi mtu kuendesha vikao wala kupanga bajeti. Hata msomi mkubwa akiingia katika utawala huanza kujifunza upya. Karani naye asione haya kujifunza.

3. NJIA YA VYETI

Sasa tujibu swali la kwanza: "Mbona hapandi?" Mara nyingi jibu ni kwamba yuko katika ngazi isiyofika anakotaka kwenda. Katika utumishi wa umma kila kazi ina muundo wake. Msaidizi wa kumbukumbu hupanda daraja baada ya daraja ndani ya kada yake. Lakini hata akipanda mpaka mwisho, hageuki kuwa afisa tawala kwa sababu tu amezeeka kazini. Kwenda huko hana budi kupata elimu inayotakiwa, kisha kuomba abadilishwe kada. Hapa wengi hujikwaa katika mambo matatu.

Kwanza, huenda kusoma bila ruhusa. Mtumishi wa umma yampasa aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake, tena kwa maandishi, na aweke nakala. Akirudi na shahada ambayo mwajiri hakuijua, atasikitika.

Pili, huchagua somo lisilolingana na muundo. Kabla ya kujiandikisha, mtu na aende kwa afisa utumishi akaulize: "Cheti hiki kitanifikisha wapi?"

Tatu, hushtuka anapoambiwa kwamba katika kada mpya ataanza ngazi ya mwanzo, pengine chini ya vijana waliotoka chuoni juzi. Ni jambo la kuvunja moyo, lakini ndivyo taratibu zilivyo. Yafaa mtu aulize mapema mshahara wake utakuwaje, ajiandae pamoja na mkewe au mumewe.

Vyuo vinavyopokea hati nyingine, vya madhehebu na vya binafsi, vina kanuni zao za ajira. Kanisa letu Anglikana lina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka 2007 Dodoma, mahali palipokuwa shule ya sekondari ya Mazengo. Popote mtoto alipo, asome kanuni za pale pale. Asitegemee maneno ya barazani.

Milango ya kujiendeleza ipo. Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye tawi Tabora, hufundisha utunzaji wa kumbukumbu na uhazili. Mzumbe, kilichokuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo tangu mwaka 1972, kilifanywa chuo kikuu mwaka 2001, nacho kinajulikana kwa masomo ya utawala. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, humwezesha mtu kusoma bila kuacha kazi.

Wazee mtakumbuka pia Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza kwa miaka isiyopungua miwili ndipo waingie chuo kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini ndani yake mna neno la kutufaa, nalo ni kwamba kazi nayo ni mwalimu. Aliyefanya kazi kabla ya kusoma anajua maswali. Akienda darasani hutafuta majibu.

Jambo moja tunalisema kwa uchungu. Wapo waliotaka kuruka ngazi kwa cheti cha kughushi. Taarifa aliyokabidhiwa Rais Magufuli mwezi Aprili 2017 ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumika miaka mingi. Nyumba zao zilitikisika kwa siku moja. Mzazi asimsukume mtoto hadi akaona njia hiyo ndiyo fupi.

4. NJIA YA MWENENDO

Cheti hufungua mlango, lakini wakubwa huangalia ni nani anayeingia. Kazi ya chini, ambayo vijana huidharau, ndiyo shule yenyewe.

Fikirini kazi ya masjala. Barua ikiingia huandikwa katika rejista, hupewa namba, huwekwa ndani ya jalada lake, na jalada hupelekwa kwa mhusika. Kila anayelishika huandika dokezo: nini kimeombwa, kanuni yasemaje, yeye ashauri nini. Karani mvivu hupeleka jalada tu. Karani anayejifunza hulisoma. Kwa miaka mitano atakuwa ameona jinsi wakubwa wanavyopima jambo, wanavyokataa kwa adabu, na wanavyokiri kosa. Siku atakapoambiwa, "Hebu andika dokezo juu ya suala hili," hatatetemeka.

Sisi wenyewe twalijua jambo hili kwa vitabu vyetu vya ubatizo. Mtu huja baada ya miaka thelathini akitaka cheti cha ubatizo kwa haja fulani. Kama katibu wa siku zile aliandika jina ovyo, mtu huyo anahangaika. Kama aliandika vizuri, kazi yake yaisha kwa dakika chache, wala hamjui aliyemsaidia.

Tena, zamani msimamizi aliandika taarifa ya siri juu ya mtumishi, naye mtumishi hakujua kilichoandikwa. Tangu mwaka 2004 Serikali ilileta tathmini ya wazi, iliyoitwa OPRAS, na siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa mfumo wa kompyuta. Mtumishi na msimamizi wake hukubaliana malengo, kisha hupima yaliyofanyika. Wengi huijaza kama adhabu. Lakini hapo ndipo mahali pa kusema: "Mwaka huu naomba nijifunze kuandika mihutasari," au "Naomba nisaidie kuandaa bajeti." Anayeomba kazi ya kujifunza huonekana mapema kuliko anayeomba cheo.

5. HABARI YA DADA MMOJA

Yuko dada mmoja wa pwani hii, ambaye hatutamtaja jina wala chuo chake, aliyetusimulia mambo yake alipokuja likizo. Alianza masjala. Akasoma stashahada kwa ruhusa, kisha shahada huku akifanya kazi. Akabadilishwa kada, na baada ya miaka kadhaa akakabidhiwa ofisi ya kitivo yenye watu sita.

Mwaka wa kwanza alifanya kila kitu mwenyewe. Hakumwamini yeyote kujumlisha alama wala kupanga majalada. Alibaki ofisini hadi saa nne za usiku, na ufunguo wa kabati aliufunga katika pindo la kanga yake. Watu walimsifu kwa bidii. Basi malaria ikamlaza hospitalini wiki nzima. Matokeo ya darasa moja yalikuwa kabatini, tayari kabisa, yakisubiri kupelekwa. Hakuna aliyejua kama yapo. Fedha za wanafunzi wale zikachelewa. Aliporudi alimkuta kijana mmoja amesimama mlangoni, hakugomba wala hakulalamika, akamwuliza tu: "Mama, ni lini? Maana sasa tunakunywa uji wa jioni peke yake."

Dada yetu akatuambia: "Nilijidanganya kwamba naogopa wenzangu wasikosee. Kumbe niliogopa nikionekana sina kazi."

Alipokwisha kulia alitengeneza mambo. Alitoa ufunguo wa pili. Kila Jumatatu waliketi nusu saa, kila mmoja akasema ana nini mkononi na kimekwama wapi. Alibandika ukutani kalenda ya mwaka yenye tarehe za mitihani, za bodi na za Seneti. Akamfundisha kijana mmoja kujumlisha alama, na mwingine kumkagua. Mwaka uliofuata kijana yule alikosea, na kosa likaonekana mbele ya bodi. Maprofesa wakauliza ni nani aliyefanya. Dada akajibu: "Kosa ni la ofisi yangu. Litasahihishwa kabla ya saa nane." Baadaye akamwita kijana faraghani, akamwonyesha alipopotea, wakarekebisha pamoja. Tangu siku hiyo, alisema, watu wale sita hawakumficha kosa tena. Na ofisi isiyofichwa makosa ni ofisi salama.

6. MAJARIBU MATATU

Sasa tujibu swali la pili: "Mbona hana raha?" Kwa sababu aliye katikati huvutwa pande tatu.

La kwanza ni marafiki wa jana. Waliokula naye mihogo ya kuchemsha chini ya mwembe leo wako chini yake. Akiendelea kuwa kama zamani, hawezi kumwonya anayechelewa. Akijifanya mkubwa, watamwacha peke yake. Njia iliyo bora ni kusema wazi siku ya kwanza: "Sisi ni ndugu, lakini kazi ina sheria zake, nami nitaanza kuzifuata mimi." Kisha azifuate kweli, hasa saa ya kufika kazini.

La pili ni wakubwa. Pengine atapewa nafasi kwa kukaimu, akaogopa kusema kweli asije akakosa kuthibitishwa. Ataambiwa apitishe jambo lisilo halali. Hapo akumbuke kwamba dokezo likiandikwa hubaki. Aandike kwa heshima kanuni isemavyo, aweke tarehe na sahihi yake. Mkubwa mwema atamshukuru. Na akiwa si mwema, karatasi itamtetea.

La tatu ni sisi wenyewe. Hapa wazazi na wajomba wa Nkome twaomba mtusikilize. Mtoto akipata cheo, simu zinaanza: "Mwanetu amekosa nafasi, mtafutie." "Mpwa wako ameanguka somo moja, zungumza na mwalimu." Twadhani ni undugu. Lakini nafasi ya kuingia chuoni hutolewa kwa sifa zinazosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Akimwingiza asiyestahili, yuko mwingine anayesukumwa nje, naye pengine ni mtoto wa mvuvi asiye na mjomba mwenye cheo. Twamwomba mtoto wetu aibe kwa ajili yetu, kisha tunashangaa halali usingizi. Yethro aliposhauri jinsi ya kuchagua wakuu hakutaja ukoo. Alitaja uwezo, ucha Mungu, ukweli, na kuchukia rushwa.

Liko jambo ambalo ndugu wanaweza kuliomba kwa haki, nalo ni maelezo. Mpigieni simu mkamwulize: fomu ya mkopo hujazwaje, tarehe ya mwisho ni lini, vyeti gani vinatakiwa? Kijana mmoja akijibu maswali hayo kwa ndugu na kwa mgeni sawasawa, atalisaidia pwani yetu nzima bila kumdhulumu mtu.

7. TUFANYE NINI?

Mzazi, usimpime mtoto kwa cheo cha jirani. Mwulize amejifunza nini mwaka huu. Kijana uliye chini, soma muundo wako wa utumishi, omba ruhusa ya masomo, na ulisome jalada kabla ya kulipeleka. Nawe uliyekabidhiwa watu, mtoe mwenzako ufunguo wa pili. Ukiugua wiki moja na kazi ikaendelea, usione kwamba umepoteza heshima. Hapo ndipo umekuwa mkuu wa hamsini.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kazi yako, ziwani, dukani, shambani au machimboni, ni jambo gani ambalo wewe peke yako unalijua? Ukiugua, nani ataumia?

2. Kwa nini ni vigumu kumwachia kazi mtu ambaye huenda akakosea?

3. Je, tumewahi kumwomba ndugu yetu mwenye cheo jambo lisilo haki? Tungemwombaje msaada bila kumtia majaribuni?

4. Viongozi wa kwaya, wa vijana na wa Umoja wa Akina Mama: ni nani unayemfundisha kazi yako sasa?